Mwezi wa Bati

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nimelisema hilo mbele za watu wengi na sikupata wa kunibisha. Nilianza na kapu moja la mbata, nazi zilizokaushwa, nikilichukua kichwani kutoka Gazi hadi Msambweni. Elimu yangu ni chuo cha Kurani na miezi michache ya skuli. Kabla sijatimiza miaka thelathini na mitano nilikuwa na ghala la mawe lenye paa la bati, la kwanza mtaani kwetu. Nimeona nyoka akitoka ndani ya gunia nililokwisha kulipima na kulishona. Nimeona tajiri mkubwa wa Mombasa akishika kichwa kwa bei niliyomtajia. Nikadhani dunia imekwisha kunionyesha vyake vyote. Ninayoyaandika hapa ni habari ya siku niliyowapeleka wanangu Mombasa kutembea, na binti yangu wa miaka tisa akanionyesha kuwa nilikuwa sijaona kitu.

Miaka ile ya hamsini, mtoto wa Gazi kupelekwa Mombasa siku ya Idi lilikuwa jambo la kuzungumzwa mwaka mzima. Wengi walikula pilau nyumbani, wakapewa senti zao za mkono wa Idi, wakazimaliza kwa kashata. Mimi nilisema wangu watakula Idi mjini. Nilisema barazani, nilisema msikitini, nilisema hata kwa watu wasioniuliza.

Mwezi mzima wa Ramadhani, kila tukimaliza kufuturu, niliwasimulia kitu kimoja watakachokiona. Jioni moja niliwapa mabembea ya uwanja wa Idi, yale marefu ambayo mtoto akirushwa huona bahari. Jioni nyingine farasi wa mbao waliopakwa rangi, wanaozunguka huku mtu akiwasukuma. Nikawapa meli za Kilindini zenye madirisha kama nyumba, gari la moshi likipiga honi stesheni, barafu ya maziwa inayoliwa kwa kijiti. Nikawapa na zile pembe za ndovu zilizosimamishwa barabarani, ndefu kupita mnazi.

Mwanangu mdogo wa kiume, wa miaka minne, akauliza, "Na ndovu mwenyewe yuko wapi?"

"Amezikwa chini," nikamwambia. "Pembe ndizo zilizobaki nje."

Kaka yake akacheka. Binti yangu hakucheka. Alinitazama usoni akaamini, kwa sababu nilikuwa babake na sikuwahi kumwambia uongo ambao yeye aliujua.

Huyu binti ndiye mkubwa wao. Nilimtia skuli wakati watu walinicheka kwa kumsomesha mtoto wa kike, na ilipofika Ramadhani ile akasema atafunga mwezi mzima. Mamake alimwambia, "Funga nusu siku, mwanangu, yatosha kwa umri wako." Akakataa. Alikuwa na kopo tupu la maziwa, na kila jioni akishakunywa maji ya kufungulia alitia kokwa moja ya ukwaju ndani yake. Siku za joto alilala sakafuni bila mkeka ili apate ubaridi. Siku ya kumi na saba alitapika, nikamwambia avunje, akasema ametapika bila kukusudia na funga haivunjiki, mwalimu amewafundisha. Nikamwacha. Nilijisifu kwa hilo pia. Kila aliyefika ghalani kuuza mbata nilimwambia, "Binti yangu hajala hata siku moja."

Sasa niseme juu ya gari. Basi lilikuwapo, lakini mimi sikutaka wanangu waende Mombasa wamebanwa na makuku ya watu. Nilikodi teksi ya bwana mmoja wa Waa. Aliniambia mapema, "Jumatano gari ni yako. Alhamisi nimeshaahidi kubeba bibi harusi Tiwi, na neno langu silirudishi." Nikasema haina shida, mwezi huu utakuwa wa siku ishirini na tisa, Idi ni Jumatano. Nilisema kana kwamba mwezi nao niliukodi.

Jumanne jioni ikafika, siku ya ishirini na tisa. Kwetu mwezi mchanga hutazamwa upande wa bara, na minazi huuziba. Kwa hiyo nikaegemeza ngazi ghalani nikapanda juu ya bati, na binti yangu akanifuata, akakaa karibu nami ameshika goti langu asiteleze. Mkwezi wangu, mtu mzima aliyeniangulia nazi miaka sita, nilimtuma juu ya mnazi mrefu wa shambani. Chini palikuwa na watu wa mtaa wetu wamesimama wakitazama juu.

Mbingu yote ilikuwa mawingu. Palikuwa na wekundu kidogo tu, chini kabisa, nao ukawa unazima.

Nikaita, "Wewe huko juu, waona nini?"

"Mawingu, tajiri."

"Tazama kushoto, pale juu ya ule mnazi uliokatika kichwa."

Akageuza kichwa kushoto. Kisha akauliza, "Wewe wauona?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya kushuka ngazi kama mtu mwingine yeyote na kusema hatukuuona, tufunge kesho. Nikafikiri juu ya gari. Nikafikiri juu ya baraza itakavyocheka nikiwapakia wanangu basini siku ya Alhamisi.

"Nauona," nikasema. "Mwembamba kama ukucha."

Mkwezi akajibu, "Ikiwa wewe umeuona, tajiri, basi nami nimeuona."

Binti yangu alifuata kidole changu. "Wapi, baba?"

"Pale."

Akakunja uso, akafumba jicho moja, akatazama, akafumba la pili. "Pale wapi?"

"Umeshajificha," nikamwambia. "Shuka, tukawaambie watu."

Ushahidi wa kufungulia mwezi ni wa watu wawili, na sisi tulikuwa wawili. Mwalimu wa msikiti wetu alinishika mkono akaniuliza mara mbili, nami nikaapa mara mbili. Akasema, "Basi iko shingoni mwako." Mtaa wa pili hawakutukubali. Walisema watangoja habari ya Kadhi kutoka Mombasa. Mimi nikasema Mombasa kuna wingu, na sisi tuna macho yetu.

Asubuhi binti yangu aliamka kabla ya wote. Alikuwa ametia kokwa ya ishirini na tisa na kopo amelifunga kwa kitambaa. Alisimama mlangoni kwa gauni lake jipya la waridi, akaniuliza, "Baba, ni kweli nile?" Nikachukua tende nikamtia kinywani kwa mkono wangu mwenyewe. Aliitafuna polepole sana, akaniambia, "Nimemaliza mwezi mzima." Mamake akapiga kigelegele kimoja, cha chinichini, kwa sababu mtaa wa pili ulikuwa kimya.

Tuliswali, tukarudi, teksi ikafika. Mwenye gari alikuwa amevaa suruali yake ya kila siku. Akanivuta kando. "Bwana, Waa hatujafungua. Nami nimefunga. Habari ya Mombasa ni kuwa mwezi haukuonekana."

"Kwenu hamna macho."

"Huenda. Lakini watoto hawa ukiwapeleka leo, uwanjani hawatakuta kitu. Ahirisha. Wapeleke kesho kwa basi."

Nikamwambia atie gari moto. Tende ilikuwa imeshamezwa, na mimi sikuwa mtu wa kurudi nyuma. Naandika hivi na bado naisikia sauti yangu ilivyokuwa kubwa asubuhi ile, ya mtu anayesukuma gunia kwa tumbo.

Safari ilikuwa njema hadi Likoni. Wavulana waliimba. Binti yangu alikuwa na kashata mkononi, akiila kwa kuibana kidogo kidogo ili isiishe. Tukashuka garini kivukoni, na mle ndani ya kivuko akajikuta karibu na bibi mmoja wa buibui aliyekuwa amekalia kikapu chake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umependeza. Waenda harusini?"

"Naenda Idi."

Bibi akacheka kwa upole. "Idi kesho, mama. Leo watu tumefunga." Akaiona kashata. "Wewe kula, wewe mtoto, huna dhambi."

"Mimi si mtoto," binti yangu akamjibu. "Nimefunga mwezi mzima." Halafu akautazama mkono wake.

Akageuka kutazama watu. Hapakuwa na mtu aliyevaa upya. Hapakuwa na mtu aliyetafuna. Wachukuzi walikuwa na midomo mikavu yenye weupe pembeni, kama midomo ya mwenye gari wetu. Alimpa ndugu yake kashata, akaenda kwenye ukingo wa kivuko, akatema mate baharini. Akatema tena. Alijifuta ulimi kwa pindo la gauni jipya.

Akarudi kwangu. "Baba, watu wa Mombasa hawakuuona mwezi?"

"Kwao kulikuwa na mawingu."

"Kwetu pia kulikuwa na mawingu."

"Palikuwa na upenyo," nikasema, nikamnyooshea kidole meli ya Kilindini, yenye madirisha mengi kama nilivyoahidi. Wavulana walipiga makelele. Yeye aliitazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha ya harusi ya watu asiowajua.

Kuanzia pale hakula wala hakunywa. Mamake, tuliyekuwa naye safarini, alimwambia haina faida, siku imeshavunjika. Akasema hivyo hivyo, atakaa nayo.

Uwanjani tulikuta mabembea yamefungwa kamba. Farasi wa mbao walikuwa chini kwenye majani, wamelazwa ubavu, na mtu mmoja alikuwa akiwapaka rangi mpya. Mwenye mabembea alikaa chini ya turubai ameegemea nguzo. Nikamwambia anifungulie moja, nitamlipa mara mbili.

"Bwana mkubwa, mara tatu pia siwezi. Nikisukuma na kiu hii nitaanguka mimi kabla ya mwanao. Walete kesho."

"Sisi kwetu leo ni Idi."

Aliyekuwa akipaka rangi akainua kichwa. "Kwenu wapi, bwana? Huko mwezi huchomoza mapema? Mtutumie na sisi." Wote wakacheka, cheko fupi la watu wanaohifadhi mate. Mvulana wangu mdogo akaenda akamkumbatia farasi mmoja shingoni, akarudi na rangi nyekundu kifuani mwa kanzu nyeupe.

Sikutaka kushindwa. Niliwazungusha mji mzima kwenye jua. Tulikwenda kwenye pembe, na mdogo akazunguka chini akitafuta ndovu alipozikwa. Tulikwenda stesheni tukalikosa gari la moshi. Tukapita ngome, lakini wakati ule ilikuwa ingali jela, tukazitazama kuta tu. Barafu ya maziwa niliipata kwa Mhindi mmoja, wavulana wakailia ndani ya gari wameinama, nami nimeshika leso dirishani ili wapita njia wasituone. Jua lilikuwa kali mno. Binti yangu alikaa mbele na mwenye gari. Hakulalamika hata mara moja. Ilipofika alasiri midomo yake ilikuwa imepasuka, na mwenye gari, ambaye kutwa nzima hakunena na mimi zaidi ya lazima, akavua kofia yake akawa anampepea nayo kwa mkono mmoja huku akiendesha.

Magharibi ilituingilia Waa. Mwenye gari akasimama msikitini kwao bila kuniuliza. Watu walikuwa wamekaa kwenye jamvi na sinia la tende. Akamshusha binti yangu, akawaambia, "Mpeni huyu nafasi. Amefunga nami tangu kivukoni." Wakasogea, wakampa tende na bakuli la maji. Mimi nilibaki garini na tumbo langu lililoshiba.

Aliporudi alikaa nyuma, karibu nami. Tulipokuwa tumeshaondoka aliuliza, "Baba, kesho naweza kufunga, niilipe?"

"Kesho ni Idi. Kufunga siku ya Idi ni haramu."

Akafikiri. Kisha akaniuliza lile nililokuwa nikiliogopa tangu Likoni. "Baba, wewe uliuona kweli?"

"Niliuona," nikasema.

Uongo ule wa kwanza niliusema kwa kiburi, mbele ya watu. Huu niliusema nimemshika mkono, na mkono wake ulikuwa bado umelowa maji ya msikiti. Akaitikia kwa kichwa.

Kesho yake mtaa wa pili walipiga ngoma zao, na sisi tulikaa ndani kama wafiwa. Gazi yote ilituita watu wa mwezi wa bati, kwa kuwa niliuona kutoka juu ya paa langu. Hilo nililibeba. Nimebeba mizigo mizito kuliko hiyo. Lakini nyumbani kulianza jambo jingine. Binti yangu akawa anakishika kitabu karibu na pua. Mamake akimpa sindano ya kutia uzi, anairudisha. Akipita uani anaweka mkono ukutani. Siku moja mamake akamwuliza ana nini.

"Macho yangu ni mabovu, mama."

"Tangu lini?"

"Sijui. Naona kama yalikuwa mabovu zamani, nami sikujua."

Mke wangu alikuja ghalani akanieleza huku analia. Nami nilikuwa na mizani mbele yangu, na nilijua. Si kwamba nilidhani, nilijua palepale kuwa mwezi wangu ndio ulioyaharibu macho yale, nisijue vipi, na neno moja lingeyaponya. Ulimi wangu uliokuwa mwepesi wa kutaja bei haukulitoa. Nikasema, "Nitampeleka kwa daktari mkubwa wa macho Mombasa. Pesa si kitu." Mke wangu akanishukuru. Shukrani ile ndiyo iliyoniuma kuliko kucheka kwa Gazi yote.

Tulikwenda kwa basi, mimi na yeye tu. Tulipita uwanja wa Idi. Ulikuwa mtupu, mbuzi wanakula pale farasi wa mbao walipolala.

Daktari alikuwa Mhindi mzee mwenye sauti ndogo. Alimkalisha kwenye kiti, akamwonyesha ubao wa herufi mwisho wa chumba. Binti yangu alisoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, alisoma wote hadi chini. Chini kabisa palikuwa na maneno madogo kama chawa, jina la mtengenezaji wa ubao, mimi nilidhani ni mstari wa wino. Akayasoma nayo.

Daktari akaweka taa chini. "Huyu anaona kuliko mimi na wewe. Nani amesema ana macho mabovu?"

"Mimi," akasema binti yangu.

"Kwa nini?"

"Baba aliuona mwezi, nami nilikuwa karibu naye, nikatazama pale pale. Mimi sikuuona. Na mkwezi aliuona. Kwa hiyo ni mimi."

Nilidhani alikuwa na shaka juu yangu. Mwezi mzima na nusu nilikuwa nikimkwepa macho, nikihofu ananijua kuwa mwongo. Kumbe mtoto hakunishuku hata siku moja. Alipokabiliwa na mambo mawili yasiyoweza kukaa pamoja, alichagua kuwa yeye ndiye kipofu. Nilisema mwanzo kuwa mimi si mtu wa kushangazwa. Nikajikuta nimekaa kwenye benchi la daktari bila kuambiwa.

"Hapakuwa na mwezi," nikamwambia.

Alinigeukia. "Ulijificha?"

"Haukuwapo. Sikuona kitu. Nilisema tu."

"Na mkwezi?"

"Naye hakuona. Alisema kwa kuwa mimi nilisema."

Daktari akaanza kufuta miwani yake iliyokuwa safi. Binti yangu alitazama ubao, kisha dirisha, kisha mimi, akitumia macho yake kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kuzoea kukikosa. Sikumwona akikasirika. Alisema tu, "Basi kumbe siku ile ilikuwa ya thelathini, nami nikala."

Ijumaa iliyofuata nilisimama msikitini nikawaambia watu wa mtaa wetu walipe siku moja, na kwa nini. Mwalimu alisema watu wazima watailipa na itakwisha. Nikamwuliza juu ya binti yangu. Akasema mtoto hajawajibika, hana siku ya kulipa. Alidhani ananifariji. Sisi sote tulifunga siku yetu, mimi na mkwezi na mtaa mzima, tukawa sawa. Yeye peke yake ndiye asiyeweza kulipwa, kwa sababu mwezi wa kwanza hufungwa mara moja. Aliifunga ile siku, mwezi uliofuata, ingawa aliambiwa si lazima. Kokwa hakutia. Kopo lilikaa na ishirini na tisa zake mpaka mamake akalichukua kuwekea vifungo.

Mwaka uliofuata niliwapeleka tena, siku ya Idi ya watu wote, kwa basi. Wavulana walipanda farasi mpaka wakatapika. Binti yangu alipanda bembea mara moja, akarushwa juu akaiona bahari, akashuka akasema ni nzuri.

Teksi, nguo mpya, barafu ya maziwa, hayo nimeshasahau yaligharimu kiasi gani. Karatasi ya malipo niliyoihifadhi ni moja, ya daktari, niliyolipia ili mgeni amwambie mwanangu kuwa macho yake hayana kasoro. Shilingi ishirini na saba na senti hamsini.